Mzigo Hauna Miguu

Elibariki aliponunua lile pikipiki la safari, majirani zake wa Madale walisema mzee kapatwa na ujana wa pili. Lilikuwa dude kweli, la Kijapani, mtumba, tangi lake limetuna kama shavu la mtoto mwenye pipi. Na yeye, karani wa kutoa mizigo bandarini, mwenye miwani na kitambi, alilipanda kila Jumamosi mpaka Bagamoyo na kurudi, peke yake. Walimsema mpaka wakachoka. Hawakujua kwamba huko kuwa peke yake ndiko kulikomkera hata mwenyewe. Alichotaka ni kimoja tu, mkewe akae nyuma.

Mkewe, Tupokigwe, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Mnyakyusa wa Tukuyu, mwanamke wa mwili mkubwa na sauti ya kunyamazisha darasa zima. Lakini mtajie pikipiki uone alivyonywea. Alikuwa na sababu yake. Siku moja, kwenye kijiwe cha bodaboda cha huko huko Madale, alikwishanyanyua mguu apande, dereva akamtazama juu mpaka chini, akawageukia wenzake akasema huyu si abiria, ni mzigo. Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Tupokigwe akashusha mguu, akapanda kilima kwa miguu na madaftari ya wanafunzi kifuani, na tangu hapo hakugusa bodaboda ya mtu.

Elibariki aliposikia alitaka kwenda kupigana, na si kwamba anajua kupigana. Mkewe akamzibia mlango. Ndipo alipomshika mkono akamwambia, "Mama Eliaichi, kwangu mie wewe si mzigo. Siku moja nitakupandisha kwenye langu, wakuone." Eliaichi ni binti yao, yuko chuoni Dodoma, na hata yeye kwa simu alimsihi mama yake akubali. Wapi! Mama hakutaka hata kulisikia.

Mwaka mzima ukapita hivyo. Kisha mama mzazi wa Tupokigwe akaugua huko Tukuyu, akapona, ukoo ukapanga ibada ya shukrani. Jioni moja, anamenya ndizi, hana hata habari ya kuinua kichwa, Tupokigwe akasema basi twende na hilo pikipiki lako. Elibariki aliacha chai yake ikapoa. Kesho yake mwanamke akaenda Kariakoo akarudi na suruali, ya kwanza tangu alipotoka chuo cha ualimu, na helmeti nyekundu. Akaijaribu mbele ya kioo, akacheka peke yake, na Elibariki aliyekuwa akichungulia mlangoni akajiona mtu tajiri.

Kilichobaki kikawa pa kuweka vitu. Safari ya Tukuyu na mwalimu si ya begi la mgongoni. Kuna vitenge vya zawadi, kuna nguo za ibada, kuna na sufuria ambayo mama mkwe aliahidiwa zamani. Elibariki akaelekezwa Tegeta, kwa Khalfani, fundi wa kuchomelea aliyetoka Lindi, anayesifika kwa keria. Zile za bodaboda zinazobeba magunia ya mkaa bila kupinda, nyingi ni kazi ya mkono wake. Tatizo la karakana ya Khalfani ni jirani zake: ukutani pale pale pana kijiwe, na vijana wa kijiwe hawana kazi na midomo yao mpaka aje abiria.

Basi lile pikipiki lilipoingia, wote wakaja. Huyu anauliza linakunywa mafuta kiasi gani, yule anauliza linafika spidi ngapi, mwingine anaomba akae tu apigwe picha. Elibariki, ambaye ofisini hakuna anayemuuliza kitu zaidi ya namba ya kontena, kichwa kikamvimba. Wanamwita braza, na yeye anaitika. Mtu wa hamsini na mbili!

Khalfani hakuwa na muda wa picha. Alikuwa kachuchumaa na futi yake, penseli sikioni, akauliza lile analomuuliza kila mteja wa keria: "Masanduku yanakaa pembeni, sawa. Hapa nyuma unabeba mtu au mzigo?"

Swali lilikuwa jepesi hivyo. Mtu, angesema, mke wangu, na mambo yangeishia hapo. Lakini vijana wamemzunguka, wanamtazama, na kile kichwa bado kimevimba. "Mzigo," akasema, akakonyeza. "Tena mzigo wenyewe kilo mia, upo nyumbani. Weka chuma cha kweli."

Kijiwe kikalipuka. Walimwelewa mara moja, maana kwa vijana hao mzigo ni mwanamke aliyejaaliwa maumbile, hata shuleni siku hizi watoto wanajua. Mmoja wao, Shomari, alicheka mpaka akalalia tangi la bodaboda yake. Elibariki akacheka nao, tena kwa sauti kuliko wote. Sasa jamani, nani alimtuma? Neno lile lile, lililomfanya mkewe apande kilima analia, kalitoa mwenyewe, bure, kwa ajili ya kuitwa braza.

Akiwa kwenye bajaji kurudi nyumbani kitu kilimchoma kidogo. Akajiambia ni utani tu wa wanaume, nani atamfikishia. Akanunua maembe njiani, akampelekea mkewe, na mkewe akashukuru.

Jumamosi iliyofuata wakaenda wote wawili kulichukua. Tupokigwe alivaa ile suruali, akajifunga kitenge juu yake kwa sababu ya macho ya watu, helmeti kaikumbatia. Vijana wa kijiwe wakampa shikamoo kwa zamu na yeye akawaitikia marahaba, kila mmoja ya kwake, kama anaita majina asubuhi. Elibariki aliona Shomari anamnong'oneza mwenzake. Akaomba moyoni waondoke haraka.

Kazi ilikuwa nzuri, lazima isemwe. Masanduku mawili ya aluminiamu yalikaa pembeni yamelingana, yana kufuli, na upande wa ekzosi Khalfani alilisogeza sanduku nje kidogo ili moto usiunguze vitu. Nyuma kaongeza keria, na chini ya siti kapitisha vyuma viwili vinene vya kushika uzito. Tupokigwe alipitisha kiganja juu ya sanduku, akalifungua, akalifunga, akasema sufuria ya mama inaenea. Kisha, pale pale mbele ya wanaume wote wale, akafungua kitenge. Akakikunja vizuri, akakiweka ndani ya sanduku, akavaa helmeti. Elibariki alikuwa amekwishakaa mbele. Akausikia mkono wa mkewe unamshika bega, na kwa nukta hiyo akasahau kila kitu.

Tupokigwe akanyanyua mguu kutafuta pa kukanyaga. Hapakuwa na kitu. Akaushusha, akaunyanyua tena, mguu ukazunguka hewani, ukagonga pembe ya sanduku. Yupo vile, mguu mmoja juu, kijiwe kizima kinatazama.

Elibariki alipogeuka akaona. Vikanyagio vya abiria vimetolewa, na mahali pake zimekaa bolti za kushikilia masanduku. Hasira zikamjaa, na nyingi zilikuwa hofu. Akamfokea Khalfani fundi gani wewe, umetoa vikanyagio bila kuniuliza, mke wangu ataweka wapi miguu, yaani umeniharibia safari nzima. Alifoka mpaka mate yakamtoka.

Khalfani akaweka spana chini. Hakukasirika, alikuwa na uso wa mtu anayetaka kujua kakosea wapi. "Bosi, si nilikuuliza hapa nyuma unabeba mtu au mzigo? Ukaniambia mzigo, kilo mia, upo nyumbani, weka chuma cha kweli. Nimeweka. Mzigo hauna miguu."

Maskini Khalfani, siku ile yeye peke yake ndiye aliyekuwa hajaelewa. Hakuna aliyecheka. Shomari alijiinamia akaanza kukagua mnyororo ambao haukuwa na ubaya wowote, na wenzake wakatazama barabarani. Ukimya ule ndio uliomweleza Tupokigwe kila kitu.

Akashusha mguu. Akavua helmeti taratibu, nywele zimemlala upande mmoja, akamtazama mumewe.

"Ulisema hivyo? Mbele ya hawa?"

Uongo ulimfika Elibariki kwenye meno. Angeweza kusema fundi kasikia vibaya, na Khalfani, kwa upole wake, huenda angekubali lawama. Akawatazama vijana, akaona wote wanajua. "Ulikuwa utani, Mama Eliaichi," akasema, na alipojisikia anavyosema aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na dude lake.

Tupokigwe akamgeukia fundi. "Kilo tisini na mbili," akamwambia, kwa ile sauti ya darasani. "Si mia." Khalfani akainamisha kichwa, akasema samahani mama, sikujua.

Akatoa kitenge chake sandukuni, akaacha helmeti humo, akafunga kifuniko. Akajifunga kitenge, akatembea mpaka kijiweni, akasimama mbele ya Shomari. "Mwanangu, nipeleke Madale."

Shomari alivua koti lake akafuta siti. Akainama, akakunjua kikanyagio cha abiria kwa mkono, akazunguka akakunjua na cha pili, akasema panda mama, bila kumtazama usoni. Tupokigwe akaweka mguu, akapanda. Kijipikipiki kikalala kidogo nyuma, kikanyooka, kikaondoka.

Elibariki akawafuata. Angefanya nini? Alikuwa nyuma yao njia nzima, masanduku matupu yakigonga kila kwenye shimo, helmeti nyekundu ikibiringika ndani ya moja. Mbele yake mgongo wa mkewe ulikuwa umenyooka, miguu imetulia kwenye vikanyagio. Walipoanza kupanda kilima, muuza duka akamwona akapaza sauti, mwalimu leo umepanda, na Tupokigwe akampungia mkono. Mwaka mzima Elibariki aliisubiri siku watu watakayomwona mkewe juu ya pikipiki, na sasa walikuwa wanamwona.

Getini Tupokigwe alimshukuru Shomari na kumwombea njia njema. Elibariki akazima injini. Akasema nisamehe, akasema Jumatatu nitampelekea Khalfani arudishe vikanyagio, akasema tena nisamehe.

"Arudishe," Tupokigwe akasema. "Mie natangulia Tukuyu na basi. Wewe utakuja na mzigo."

Akaingia ndani, akaliacha geti wazi. Elibariki akabaki pale nje juu ya pikipiki, na nyuma yake siti tupu, imekazwa vyuma vya kubeba kilo mia.