Nguzo Sabini na Moja

Fundi Gicheru alifika kwa Wakonyo Jumanne saa tatu asubuhi, penseli sikioni na kamba ya futi themanini begani. Kamba ilikuwa na fundo kila futi nane, maana nguzo za mtarakwa husimamishwa futi nane kutoka moja hadi nyingine. Ukihesabu mafundo umehesabu nguzo. Kwa kila nafasi mbao tatu za kulaza, kwa kila ubao misumari minne. Kwa hesabu hiyo alikuwa amezungushia uzio nusu ya kijiji, pale juu ya mji wa Nyeri, na hajawahi kumrudisha mtu kwa mwenye mbao mara ya pili.

"Nataka mtu wa kunishikia kamba," alisema.

"Baba Ngendo atashika," Wakonyo akajibu. "Leo ni siku yake."

Baba Ngendo alikuwa mumewe, Simeon. Alifia kizuizini mwaka wa 1956, wakati wa hali ya hatari, akazikwa huko huko, na tangu hapo alikuja nyumbani kila Jumanne na Jumapili. Alishuka kwa njia ya juu, ile aliyoikanyaga tangu utotoni, kwa kuwa marehemu hana njia nyingine ila aliyoitembea akiwa hai. Alikunywa chai, akauliza habari za ng'ombe, akaenda zake. Majirani walimsalimia kama kawaida.

Gicheru akampa ncha ya kamba. Walianzia chini mtoni. Simeon akapanda mteremko, kamba ya kwanza, kamba ya pili. Kamba ya pili iliishia kwenye jiwe la mpaka la serikali. Simeon akalipita jiwe, akaingia kwenye viazi vya jirani yao Moffat, kamba ya tatu, ya nne, ya tano, akasimama mahali babake alipopanda matoka, maua yale ya kuonyesha mwisho wa shamba. Matoka yenyewe yalikuwa yameng'olewa zamani. Simeon hakukosea hata hatua moja.

Gicheru akapima na upana wa juu, kamba tatu; chini mto wenyewe ulitosha kuwa uzio. Akaandika nguzo mia moja thelathini na moja, halafu akamtazama Wakonyo.

"Mama, hii hesabu ni ya shamba ya nani?"

Wakonyo alitazama juu kwenye viazi. Ardhi ya kijiji ilikusanywa na kugawanywa upya mwaka wa 1958. Kamati iliita jina la Simeon mara tatu, siku isiyokuwa yake, asiitike mtu. Moffat, aliyekaa katika kamati hiyo, akaandikiwa sehemu ya juu ya shamba la Simeon, na siku za kulalamika zilipokwisha ikawa yake kabisa. Simeon alipouliza mbona Moffat analima pale, Wakonyo alimwambia amemkodisha. Aliendelea kusema hivyo kwa miaka saba. Aliona haya, na tena alimhurumia. Mtu ameshapoteza uhai wake, utamwongezea habari gani?

Sasa alipanda mpaka kwenye viazi, akasimama mbele yake.

"Baba Ngendo, rudi chini. Hii sehemu si yetu. Sikukodisha. Walichukua."

"Nani alinisemea?"

"Hakuna. Nilisimama, wakasema ati wanawake wakae."

Simeon akafikiri kidogo. "Na wewe ukakaa?"

"Nilikaa."

Akaitikia kwa kichwa. Akashuka polepole, Gicheru akikunja kamba mbele yake, mpaka kwenye jiwe la serikali. Gicheru akafuta, akaandika upya: nguzo sabini na moja, mbao mia mbili na kumi, misumari ratili kumi na mbili. Wakonyo alilia waziwazi, na fundi akageuka upande akachonga penseli ambayo haikuhitaji kuchongwa.

"Weka geti hapo juu," Wakonyo alisema alipotulia. "Atapita wapi?"

Gicheru akaongeza bawaba mbili kwenye hesabu. Lakini geti lingefungukia kwa Moffat, ikabidi aulizwe. Walimkuta akipalilia.

"Fundi, mimi sina ubaya na Simeon," Moffat alisema. "Lakini nikikubali njia leo, kesho wataniambia iandikwe kwa ramani. Hapana."

Gicheru akafuta bawaba.

Uzio ulimalizika Jumamosi ya wiki iliyofuata, ukanyooka vizuri, na hakikubaki hata kipande cha ubao. Jumapili Simeon alishuka kwa njia yake, akafika kwenye mbao, akasimama. Hakupanda. Hata alipokuwa hai hakuwa mtu wa kuruka fensi. Wakonyo akampitishia kikombe kati ya ubao wa kwanza na wa pili, na wakazungumza habari za ng'ombe, mmoja huku na mwingine kule. Chai haikuwa imefika nusu Moffat alipotoka kanisani, Biblia kwapani.

"Simeon, habari za huko," alisema kwa upole. "Sitaki tukosane. Lakini hapo umesimama ni kwangu."

Simeon akatazama miguu yake. Akamrudishia mkewe kikombe, akavua kofia, akamwomba Moffat msamaha. Kisha akapanda mteremko katikati ya matuta, akiangalia asikanyage viazi.