Mashine Iliyobaki Januari

...na bado maneno yaleyale, votre connexion n'est pas sécurisée, muunganisho wako si salama, kana kwamba katika mji huu kuna kitu chochote kilicho sécurisé, Tharcisse akabonyeza Réessayer tena, kwa hasira ya mtu anayegonga mlango huku akimsikia mwenye nyumba anakohoa ndani, na mlango haukufunguka, na kwenye simu yake saa ilikuwa inakimbilia midi, saa sita mchana, maana ujumbe wa shirika lililompa nafasi ya kazi ulisema wazi, ingia kwenye site ya wafanyakazi, thibitisha kazi kabla ya midi, usipothibitisha nafasi inapewa anayefuata, na anayefuata hakosekani, Bunia unakosa courant ya umeme, unakosa barabara, anayefuata hukosi kamwe... "Imekubali?" aliuliza Eugène, mwenye cyber, kutoka kaunta, bila kuinua kichwa. "Bado." Basi vide cache, futa kumbukumbu yake, akasema Eugène, kama alivyokuwa amesema redémarre, zima uwashe, kisha badilisha navigateur, kile kivinjari, kisha labda site yao ndiyo mbaya, huyu naye ni kama wauza dawa wa sokoni, ugonjwa wowote kidonge ni kilekile, na Tharcisse alivimeza vyote, aliredémarrer, alivider cache, alibadilisha navigateur, na yule dada wa mashine ya pili, Kavira, ambaye yake ilikuwa inafunguka vizuri kabisa na alikuwa anacheka nayo peke yake, alimgeukia akamwambia, "Papa, piga polepole, ile clavier iko ya watu wote," halafu akamwuliza kama si yeye licencié wa informatique, mwenye digrii ya kompyuta, wa kule mtaa wa Rwambuzi, na Tharcisse akabonyeza tena, licence ipo, iko ukutani, mama ameifunika plastiki isipate vumbi, licence en informatique iliyosomwa kwa chaki, profesa anachora clavier ubaoni nao wanabonyeza meza kwa vidole kumi, sérieux, watu wazima wanabonyeza mbao, na leo mbao imepata écran, kioo kinachowaka, na bado haimjui... na mama asubuhi hakumwombea hata hii kazi, alikuwa ameshughulika na mjomba, mjomba aliyetoka kijijini Bule na maneno yaleyale ya kila mwaka, kwamba sasa kuko kimya, barabara iko inapitika, tuweke matanga ya Fabrice, kaka mkubwa wa Tharcisse, hata bila mwili, tuzike shati yake mtoto apumzike, na mama akiwa anachambua majani ya sombe hakuinua macho, alijibu neno moja tu, "Bado," ndipo Tharcisse alipomtupia lile neno, akiwa mlangoni na viatu vya kazi ambayo bado si yake, "Mama, uko unaishi mu mwaka ingine, siye wote tulishatoka kule," na mama akaendelea na sombe... basta, acha mama, soma hii kitu, akabonyeza pale kwenye Avancé, maelezo zaidi, ambapo hakuna anayebonyeza, akasoma mpaka chini kama alivyopaswa kusoma tangu mwanzo, licencié mzima, ce certificat n'est pas encore valide, hati ya site bado haijafika tarehe yake, na chini yake mashine ikaandika siku ambayo yenyewe iliamini iko, le premier janvier 2003, tarehe moja Januari, na Tharcisse akashusha macho kwenye kona ya écran, kule ambako mu cyber za Bunia hakuna mtu anaangalia, kila mtu anajua saa za mashine ni za uongo, unaangalia simu yako, basi, na hii ya pembeni ndiyo mashine watu wanayoikimbia, betri yake ndogo ya ndani ilikufa zamani, groupe ya umeme ikizimika tu inasahau yote na kurudi palepale alipoitengeneza mchina, Januari, bonne année... ndiyo sababu, ni hiyo tu, alitaka kucheka, akafungua dirisha la tarehe, kidogo tu, unabonyeza mshale wa mwaka, unapanda mpaka leo, site inafunguka, kazi inapatikana, mama ananunuliwa kitenge, akaweka kidole kwenye souris, kile kipanya... premier janvier ya mwaka uleule, nyumbani walikula wali na kuku, na Fabrice alikuwa kwenye jua nyuma ya nyumba anaanika mabuwe ya radio juu ya kipande cha bati, betri zilizokufa, akizigeuzageuza kama mihogo, alisema zikipata moto zitaimba mpaka jioni, na ziliimba kweli, na buti zake za mgodi wa Kilo zilikuwa zimefungwa kamba ukutani bado hajazivaa, alisema atachimba dhahabu mpaka ipatikane minerval, karo ya shule ya mdogo wake Tharcisse, Pasaka atakuwa amerudi, na Pasaka barabara ilikuwa imeshafungwa na bunduki... lakini hapa hajaondoka, ndani ya kitu hiki kizee cha plastiki na vumbi Fabrice bado yuko nyuma ya nyumba, buti ziko ukutani, na mshale ukibonyezwa mara moja anaondoka, mara moja tu, click, na anayemwondoa si vita wala mjomba, ni kidole hiki, na kidole kilikuwa juu ya souris na hakikuteremka, kidole cha kijana aliyemwambia mama yake atoke katika mwaka ule kana kwamba ni kutoka chumbani... saa ya simu ilikuwa inakaribia, Kavira alikuwa anacheka na mashine yake, nje pikipiki zilikuwa zinapiga honi, atabonyeza, ndiyo, atabonyeza, nani asingebonyeza na njaa hii, lakini si sasa hivi, zile betri ziko juani, ziache zipate moto kidogo... "Sasa imekubali?" Eugène akauliza tena, safari hii akiinua kichwa, na Tharcisse akamjibu taratibu, bila kuinua macho, kama mtu anayechambua sombe, "Bado."