Kadi ya Jina la Redempta

Jumanne ya tarehe 14 Machi 2023, saa nne asubuhi, Erasmo alikuwa kijiweni Same mjini, amekalia pikipiki upande, anabishana na wenzake juu ya bei ya tairi, ndipo simu ya Muhidin ilipoingia kutoka Sudani Kusini. Muhidin alikuwa dereva wa lori lililobeba tangawizi ya milimani, na Redempta, mke wa Erasmo, alikuwa amepanda lori hilo kwenda kuuza magunia yake sita. Muhidin hakuzunguka.

"Kaka, homa imemzidi shemeji. Ametutoka alfajiri, hapa Nimule."

Walimzika hukohuko. Kila ofisi ilitaka karatasi ya ofisi nyingine ndipo iruhusu mwili uvuke mpaka, na joto la Nimule halimsubiri mtu. Toka siku hiyo Erasmo hakuwa na neno jema kwa yeyote anayekaa nyuma ya meza. Kwake wote walikuwa wakubwa, hata mlinzi wa getini.

Kwenye ukoo wa kina Redempta, kule Ugweno, mtu akizikwa ugenini udongo wa kaburi lake huletwa nyumbani ukafukiwa mgombani, na sharti uchotwe na mkono wa mtu wa nyumba. Muhidin alijitolea kuuleta, wazee wakakataa. Mwaka ukapita, na nusu ya mwingine, Erasmo akisema ataenda, ataenda. Halafu Novemba ya 2024 Muhidin akaja na habari: mwenye lile eneo la kaburi anaanza kujenga Januari, na trekta litasawazisha kila kitu.

Basi tena, Erasmo hakukalika. Akiketi, goti linacheza. Akila, anaacha ugali katikati, anakwenda kukaza nati aliyoikaza jana.

"Si upande basi la abiria?" walimwuliza kijiweni.

"Redempta aliondoka juu ya magunia. Atarudi kwenye pikipiki yake."

"Na ukibaki hukohuko?"

"Mtagawana abiria wangu. Si ndicho mnachoombea?"

Muhidin alimchorea njia nyuma ya boksi la sabuni. Holili, unaingia Kenya. Nairobi usilale, pita. Malaba, unaingia Uganda. Gulu jaza tangi. Elegu ni mpaka wa mwisho, Nimule iko ng'ambo.

"Ukishavuka, hama upande wa barabara," Muhidin alimwambia. "Wale wanaendesha kulia. Ukisahau utamfuata shemeji."

"Ndiko ninakokwenda," alijibu Erasmo, na Muhidin akaangalia pembeni.

Shule aliishia darasa la nne, lakini lile boksi alilikariri kama sala. Alinunua mnyororo, plagi mbili na kebo ya klachi. Akashona mfuko wa turubai wa kutilia udongo, akauona mdogo, akaufumua. Akashona mwingine, akauona mkubwa. Hakuwa na wa kumwuliza udongo wa mtu mzima ni kiasi gani.

Hati yake ya kusafiria alikuwa nayo, na haikuwa lelemama kuipata. Ujanani alichimba jasi Makanya mpaka ncha za vidole zikasuguka zikawa kama kisahani, na mashine ya vitambulisho haikuona alama yoyote. Ndiyo maana mwaka 2021, waliponunua pikipiki, kadi iliandikwa jina la Redempta, aliyekuwa na kitambulisho. Walicheka sana siku ile.

"Sasa wewe ni dereva wangu," Redempta alimwambia. "Ukichelewa kurudi nakufukuza kazi."

Alipoacha shimo, vidole viliota ngozi mpya, mashine ikamtambua, hati ikatoka. Lakini kadi ilibaki vilevile, na pale ndipo safari ilipokwama.

Jumatatu ya kwanza ya Desemba alikwenda ofisi ya mapato kuiombea pikipiki kibali cha kuvuka mipaka. Dirishani alikaa binti mmoja, kifuani amebandika jina: Blessing. Aliigeuza kadi mara mbili.

"Shikamoo baba. Huyu Redempta Zephania ndiye mwenye chombo?"

"Marahaba. Ndiye. Mke wangu. Amefariki."

"Pole sana. Cheti cha kifo?"

"Alifia Nimule."

"Basi cheti kianzie huko. Ukikileta, ukoo ukae kikao, muhtasari uende mahakamani, uteuliwe msimamizi wa mirathi, ndipo kadi ibadilishwe jina."

"Binti, cheti kiko Nimule. Kwenda Nimule nataka pikipiki. Pikipiki nyie mnataka cheti. Aliyeutunga utaratibu huu amewahi kufiwa kweli?"

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka puani. "Mzee, hapo wamekuzungusha kama ng'ombe wa kinu cha alizeti."

Blessing hakucheka. Alibonyeza kompyuta, akasogea karibu na dirisha, akashusha sauti.

"Baba, humu ndani mama yuko hai. Hakuna aliyeleta taarifa. Angekuwepo, angekuandikia barua ya ruhusa tu, akasaini mbele ya wakili, na leo hii ungeondoka na kibali."

Aliyasema kwa huruma, hakukusudia zaidi. Erasmo aliyabeba mpaka nje, akakaa juu ya pikipiki bila kuiwasha. Wakubwa walishindwa kumwandika Redempta kwamba amekufa. Haya, na wamkute hai.

Hakurudi kijiweni. Alichukua barabara ya Mwanga, akaanza kupanda milima, kona baada ya kona, mpaka Shighatini, kulekule Ugweno kwao Redempta, kwa Priska mdogo wake. Walipishana miaka miwili, na paji la uso ni lilelile. Alimkuta uani anamenya ndizi.

"Shemeji, karibu. Umekuja na sura ya mtu mwenye shida."

Erasmo alitoa kitambulisho cha marehemu, akakiweka juu ya kigoda, akaeleza yote akiwa amesimama: trekta, kadi, wakili, sahihi moja tu. Priska alikifuta kitambulisho kwa upindo wa kanga, akakitazama kwa muda.

"Wakili akiniuliza mume wangu ni nani, niseme wewe?"

"Sema."

"Afadhali wanifunge."

Hakuna aliyecheka. Erasmo alizunguka ua, akagusa shina la mgomba, akarudi.

"Zimebaki wiki nne, Priska. Wao ndio walioharibu, si sisi. Wangempa karatasi ya kurudi, angekuwa amelala hapa. Uongo huu ni wao, sisi tunautumia tu."

"Sijakataa, shemeji. Kuandika jina lake naweza, mwandiko wetu alitufundisha mwalimu mmoja." Aliweka kisu chini, akajipangusa utomvu mikononi. "Lakini wewe mwenyewe umesema kwamba huko serikalini yuko hai kwa sababu hakuna aliyepeleka taarifa. Kesho mimi ndiye nitakayekuwa nimeipeleka, kwamba yupo, anapumua, amesaini. Huko mbele hakuna ofisi itakayotuamini tena tukisema amekufa. Sasa niambie, maana mama naye ataniuliza: nikishaandika kwamba dada yuko hai, huo udongo utakaokuja nao tutaufukia hapa kwa jina la nani?"