Chokaa ku Mashini ya Constance

Hapana, Fifi, weka ile ufagio chini. Unaniuliza juu ya nini nakataza batu bafagie butike yako, na maji imeisha kutoka. Kaa kwanza, nikuambie.

Ulimujua Mama Constance? Mujane wa Léonard, mwenye alikuwa na mashini ya kusaga mihogo pale Sake, karibu na muto. Mashamba yake ya Bihambwe, vita ilishaifunga. Ile mashini njo ilikuwa mume, njo ilikuwa shamba.

Alikuwa analipa asiransi ya maji. Tulikuwa tunamucheka sana. Kanyamibwa, mukubwa wetu wa salongo, ile kazi ya kusaidiana ya mutaa muzima, alikuwa anamuita Mama Analipia-Mvua. Yeye hakukasirika, alitufasiria: kila mwaka unatoa kidogo juu ya nyumba na mashini, siku muto inaingia, bale ba asiransi banakuja banaona, banakununulia ingine. Banaona, alisema. Ile neno ilitupita kama upepo.

Kisha muto ikaingia kweli. Matope ilijaa mupaka mu tumbo ya motere. Simu yake ikakufa mu maji, ata picha hakupiga. Asubui akafunga mulango na kadena, akapanda pikipiki kwenda Goma kuleta muntu wa asiransi. Alituachia neno moja: musiguse kitu.

Sasa wewe sema. Mujane ameanguka mu matope, anasema musiguse. Kwetu ile ni haya njo inasema, hapana yeye. Mwenye anakupenda hangojeake umuite. Kanyamibwa akasema Mama atarudi akute kunangaa, alie na furaha. Tukavunja kadena.

Kazi ilikuwa tamu, mutoto wangu, siwezi kudanganya. Nyimbo za kanisa, mikono, majembe. Matope, mu muto. Mihogo yenye ililowana, mu muto. Bamama bakasugua motere na sabuni mupaka ikawa kama sahani ya ndoa. Ku ukuta maji iliacha mustari ya udongo, urefu wa kifua. Kanyamibwa akaleta chokaa, akaifunika yote. Na salongo haikosake chakula, basi tukakamata mbuzi ya Constance, tukaichinja, juu ilikuwa kazi yake tulikuwa tunafanya.

Mangaribi Constance akafika na kijana moja, Guy, muntu wa asiransi, viatu nyeupe. Tukapiga makofi. Constance alisimama ku mulango kama muntu mwenye anakuta maiti yake mwenyewe imeisha kuoshwa.

Guy akauliza maji ilifika wapi. Kanyamibwa akaonyesha kifua. Mama Libérata, juu ya kusaidia, akaonyesha shingo. Mwingine, juu ya kusaidia zaidi, akanyanyua mukono juu ya kichwa. Guy akapitisha kidole ku ukuta, ikatoka na chokaa.

"Mama," akasema, "umenitoa Goma nikuje kuangalia nyumba yenye iko safi kupita biro yetu."

Constance akamuambia ajaribishe motere. Bakavuta kamba yake, ikanyamaza. Guy akasema motere inakufaka ata na uzee, na yeye iko analipia yenye macho yake inaona. Akafunga sakoshi yake.

Njo Kanyamibwa akaona vibaya.

"Mama, ata aksanti?"

Constance akaangalia sufuria.

"Ile mbuzi, ni yangu?"

"Njo yako, Mama. Ilikuwa na mafuta kabisa."

Akacheka. Kile kicheko, Mungu asinisikilizishe tena. Kisha akabeba bidon ya maji na beseni, akaanza kutunawisha mikono, moja moja, Guy wa kwanza kama mugeni.

"Munawe muzuri," akasema, "vile munapendaka usafi."

Bugali ikaletwa, ya unga ya mashini ingine, ile ya ngambo ya muto, juu ile ya Constance haikusaga tena. Guy akapewa muguu ya mbuzi. Constance akangojea bote bapate fasi, akakaa wa mwisho, mugongo ku motere yake yenye ilikuwa inanangaa, akakata tonge. Na siye tukakula.