Kisanduku cha Mwisho

Swali la mwisho la dodoso hakuulizwa mtu. Nilipaswa kulijibu mwenyewe nikishatoka nje: "Je, kulikuwa na mtu mwingine aliyesikiliza mahojiano?" Chini yake visanduku viwili, Ndiyo na Hapana. Nilisimama na kalamu yangu, niko hoi, miguu imevimba, na kaya saba zinanisubiri.

Mtu alikuwepo, tena mtu mzima na kitambi chake. Mwenyekiti wa mtaa alikuja eti kusalimia, akavuta kigoda, akaketi mlangoni akichokonoa meno. Mama fundi cherehani niliyekuwa nikimhoji aliendelea kushona.

Maji je, mama? "Tunashukuru." Viongozi wanasikiliza malalamiko? "Wanasikiliza sana." Unaweza kusema unalofikiri bila woga? Cherehani ikanyamaza. Akamtupia jicho mwenyekiti, akanitazama mimi kwa muda, kisha akasema, "Bila woga wowote, mwanangu." Nyuma yake ndoo zilikuwa zimepangwa ukutani, zote tupu.

Ningeandika Ndiyo, dodoso lingetupwa na kesho ningekipanda tena kile kilima. Nikaandika Hapana. Mwenyekiti hakubanduka ubavuni mwangu siku nzima, na mimi nikaandika Hapana mara nane, kaya zote nane nilizopangiwa mtaani pale.

Siku hizi nawafundisha wahoji wapya. Nikifika kwenye kisanduku hicho huyarudia maelezo mara mbili, wao hudhani nimesahau.

Mwaka uliofuata mahojiano yale, ripoti ilitoka, jalada linang'aa. Mtaa ule uliongoza kwa kuridhika, basi bomba jipya likapelekwa kwa waliolalamika. Hakuna aliyeonewa kwenye karatasi. Nilisoma ukurasa ule mara mbili, nikaona aibu, nikakipanda kilima bila kutumwa na mtu.

Mama fundi alinitambua. Ndoo zilikuwa palepale.

"Shikamoo mama. Nimekuja kuomba radhi."

"Marahaba. Ya nini tena?"

Nikamweleza habari ya kisanduku. Alisikiliza huku akikata uzi kwa meno.

"Kumbe kilikuwepo," alisema. "Mimi nilisema nililoweza, mwanangu. Lililobaki nilikuachia wewe. Si ulimwona?"

"Nilimwona, mama."

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Alinisogezea kile kigoda, akachungulia nje kushoto na kulia, kisha akafunga mlango.

"Leo hayupo," akasema. "Haya, uliza."

Sikuwa na dodoso.