Alichokuwa Akikitazama Chui Milia

"Wa nani huyu?" aliuliza Shangazi Fatma, vidole vyake bado vina unga wa chapati.

Safa alicheka. Alikuwa ameiweka kompyuta juu ya meza ya jikoni kwa shangazi yake, Springfield, ughaibuni, akingojea kusifiwa. Picha aliipiga mwezi uliopita katika hifadhi moja ya msitu huko India: chui milia jike, amesimama kwenye jua la asubuhi, kila unywele wa sharubu unaonekana. Siku za kazi Safa hupima damu za watu maabara. Likizo zake zote huishia kwa wanyama na kamera. Na kesho, kwa mara ya kwanza, picha yake ingetundikwa kwenye maonyesho ya klabu yao ya wapiga picha, katika ukumbi mmoja mtaa wa Shaw.

"Hana mwenyewe, shangazi. Wa msituni huyo."

"Weye umezaliwa huku, hujui. Kwetu Unguja ukimwona chui, kwanza waulizia mwenyewe. Walikuwa na watu wao waliowafuga, wakiwalisha, wakiwatuma. Babu yako alikutana na mmoja Makunduchi, akamwamkia, akapita zake."

"Alimwambia shikamoo?"

"Ulitaka amwambie mambo vipi?"

"Lakini yule alikuwa na madoa. Huyu ana milia."

"Hayo ya nguo. Mimi nauliza habari ya mwenyewe." Shangazi aliinamia skrini. "Na mbona hakutazami? Gari zima la watu limesimama mbele yake, yeye kageuza uso. Huyu ana miadi na mtu."

Safa akaacha kucheka. Macho ya yule chui, hata masikio yake, yalielekea kushoto, nje ya picha. Upande ule aliukata yeye mwenyewe, kwa sababu ulikuwa vichaka vitupu. Alikuwa ameitazama picha hii mara nyingi, na hakuwahi kujiuliza mnyama anatazama nini.

Akafungua picha kamili, kabla haijakatwa. Shangazi akanawa mikono, akavuta kiti.

"Kuza hapo. Hapo penye buluu. Ua?"

Safa akakuza. Halikuwa ua. Ilikuwa kamba, imezungushwa kwenye shina la mti na kukazwa, kana kwamba upande wa pili kuna kitu kinavuta. Akafungua picha iliyofuata. Kati ya majani palionekana kwato na mguu mwembamba wa ndama.

"Sikukwambia? Anafugwa!"

"Hafugwi, shangazi. Kaitwa kwa chakula."

Sasa alikumbuka. Dereva wa gari lao alizima injini kabla mtu yeyote hajaona kitu, akawaambia wangoje, na wote wakamsifu kwa kujua msitu.

Klabu ilikuwa na sharti moja lisilo na mjadala: mnyama awe huru, asiwe amevutwa kwa chambo.

"Basi peleka," Shangazi alisema. "Kamba si umeshaikata? Nani ataiona?"

"Watu wataniuliza nilimpataje."

"Waambie alikuja."

"Alikuja kula, shangazi."

Shangazi akarudi kwenye chapati zake.

Safa akampigia simu Jacqueline, mwenyekiti wa klabu, Mkongomani anayeishi Beltsville, akamweleza yote.

"Ee, dada," Jacqueline alisema. "Ile haiwezi kuingia."

"Najua."

"Na ukuta yako itabakia bule, bila picha. Hauna ingine?"

"Ninayo ya mkia."

"Mkia ya nani?"

"Hata sijui ni wa chui yupi. Tulikuwa njiani kutoka, msitu mwingine kabisa, nyasi zikatikisika. Nilipata mkia na nusu ya mguu."

Jacqueline akacheka mpaka akakohoa. "Bon, sawa. Leta ile mkia."

Jumapili wageni walipita mbele ya tembo na simba wenye sura nzuri, kisha wakasimama kwenye mkia. Ni dume au jike? Safa hakujua. Alikuwa anakwenda wapi? Hakujua pia, na alishangaa kuona kila alipokiri hivyo watu walisogea karibu zaidi na picha.

"Wenzio wameleta nyuso, weye umeleta mkia," Shangazi alinong'ona, akitengeneza mtandio wake. Hata hivyo hakubanduka pale. Mwanafunzi mmoja mwenye begi mgongoni alikuwa anaonyesha kwa kidole pembeni, chini, ndani ya nyasi. Alisema kuna sikio dogo pale.

"Mwambie jiwe hilo," Shangazi alisema.

Safa akamtafsiria. Mwanafunzi akatikisa kichwa: jiwe gani lina manyoya?

"Mwambie kuvu ya mvua, huota juu ya mawe. Kwao hakuna?"

Safa hakutafsiri. Alikuwa amepiga magoti, pua yake inakaribia kugusa kioo cha picha.