Upande wa Kushoto

Wangechi, anayeuza viatu vya mitumba mlango wa pili, anadai kwamba Jumanne, kabla ya saa nne, alikiona kikombe chake cha chai kikiinuka kutoka kwenye benchi la studio, kikakaa hewani kwa urefu wa mdomo, kikainama kidogo, kisha kikarudi chini kikiwa kitupu. Anasimulia huku akipaka kiatu rangi, wala sauti yake haipandi. Kinachomuuma ni kwamba alikitoa kikombe kwa roho safi na aliyekunywa hakusema asante.

"Hata kama mtu haonekani," Wangechi husema, "si ana mdomo?"

Asante ilisemwa. Linah, msichana wa kazi wa studio, aliyeketi mbele ya kompyuta hatua mbili kutoka pale, aliisikia vizuri. Aliyekunywa chai ni Bilha, mama wa miaka hamsini hivi, mzaliwa wa Matulo aliyeolewa Bumula. Alikuwa ametembea siku mbili kufika Matisi, ilipo studio, kwa sababu hakuna dereva anayemsimamia abiria asiyemwona. Miguu yake ilikuwa na vumbi hadi magotini. Nywele zake zilikuwa hazijanyolewa.

Linah alimjua mara moja, akayashusha macho kwenye kibodi.

Kazi iliyomfanya amjue ilikuwa imeletwa na Matthew, kijana mkubwa wa marehemu Wekoye, mume wa Bilha, kwa mke wa kwanza. Alikuja na flashi yenye picha mia nne na kumi na mbili: harusi, ubatizo, mavuno, Krismasi za miaka ishirini. Familia ilitaka albamu ya mazishi, na bango la kusimamishwa mbele ya jeneza.

"Huyu mama hapa kushoto," Matthew alisema, akigonga kioo kwa ukucha, "asionekane. Kwa zote."

"Ni nani?"

"Ni mambo ya boma, dada. Wewe toa tu."

Muturi, mwenye studio, alisema hiyo ni kazi ya siku tatu. Linah aliishia darasa la nane, na programu ya picha aliijifunza kwa kusimama nyuma ya kiti cha Muturi mwaka mzima, akiutazama mkono wake bila kuuliza. Ndivyo alivyokuja kulijua duara jekundu ambalo Muturi mwenyewe hakuwahi kuligusa. Unalibonyeza, unatengeneza picha moja, na kompyuta inakariri kila hatua. Ukimaliza unaionyesha folda nzima, nayo inarudia yaleyale, picha kwa picha, wewe ukiwa umekunja mikono.

Alilibonyeza, akaanza na picha ya nje ya kanisa. Bilha amesimama kushoto kwa mumewe, ameishika kofia ya mzee kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mayai. Linah alimzungushia mstari kuanzia kisigino hadi kitambaa cha kichwa, polepole, asiliguse bega la mzee. Ilichukua dakika ishirini, na kwa dakika hizo alimtazama Bilha kuliko alivyowahi kumtazama mama yake mzazi. Kisha akamtoa, akaziba pengo kwa ukuta wa kanisa, akahifadhi, akafunga.

Mtu mwingine angesumbua, maana watu huhamahama kwenye picha. Bilha hakuwa amehama. Miaka ishirini alisimama palepale alipoonyeshwa siku ya kwanza, kushoto, nusu hatua nyuma ya mumewe. Zile mia nne na kumi na moja zilizobaki, kompyuta ilizimaliza kabla ya chai. Linah hakuangalia hata moja. Muturi alimwita bingwa, akatoka nje kumwambia Wangechi, na Linah akacheka. Kile kicheko ndicho kinachomrudia sasa akiwa anaosha vyombo, mpaka anaacha sufuria na kujifuta uso kwa mkono wenye sabuni.

Bango liliposimamishwa Bumula, wenye kugawa chakula waligawa sahani zao wakampita Bilha. Shemeji yake alimkalia mapajani, akasema kiti hiki kina joto. Siku ya tatu, siku ya kunyoa, kina mama walimnyoa mke mkubwa, wakanyoa watoto na wajukuu, wakaosha wembe, wakaenda kula. Bilha alikuwa ameinamisha kichwa muda wote. Hakuna aliyemtukana. Walimkosa tu.

Mjane asiyenyolewa si mjane. Na Ijumaa hii naibu wa chifu angekuja bomani kuandika majina ya waliobaki, wenye nyumba na wenye shamba.

"Nyuma ya albamu kuna muhuri wenu," Bilha alisema Jumanne ile, akipangusa mdomo. "Ndio nikakuja. Sijakuja kugombana, msichana wangu. Nirudishie moja tu. Ile ya kanisa, nikiwa na kofia."

Linah aliifungua folda ya kazi ile kwenye kompyuta, ingawa alijua haina kitu. Siku ile ya kurekodi alibonyeza kuhifadhi, hivihivi, bila kubadilisha jina, na kompyuta ikakariri hilo pia. Kila picha ilihifadhiwa juu ya yenyewe, ndani ya flashi ya Matthew. Chini yake hapakuwa na nyingine.

"Hazipo, mama."

"Zote?"

"Nilikuwa na haraka."

Hakuwa na haraka. Alikuwa anajionyesha. 

Akamkalisha Bilha kwenye stuli mbele ya kitambaa cheupe. Bilha alinyoosha kola, na bila kuambiwa akasogea, akakaa nusu ya kushoto. Linah akapiga. Kamera ilionyesha stuli, kitambaa, na vumbi kidogo pale miguu ilipokuwa.

"Nimetoka?"

"Bado, mama."

Alipiga mara sita. Muturi aliingia akamrushia Bilha koti lake mapajani, akidhani kumebaki stuli tupu. Bilha akalikunja vizuri, mikono ndani.

"Basi twende na wewe," akamwambia Linah. "Ni wewe peke yako unaniona. Ijumaa, mbele ya naibu wa chifu, useme tu kwamba nilikuwa pale kushoto. Wakikuuliza umejuaje, uwaambie."

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Kusema alimwona ni kusema alimtoa, Matthew akiwa anasikia. Muturi hangemweka tena siku moja mtu anayetoa siri za wateja. Angerudi kwao Mlima Elgon kuchimba viazi, na huko watu wangeuliza kilichomrudisha.

"Nitaomba ruhusa," Linah alisema.

Hakuomba. Jumatano Bilha alifagia studio, na Muturi akasema afadhali siku hizi vumbi linajiondoa. Wangechi alianza kuleta vikombe viwili. Alikiweka kimoja mwisho wa benchi na kuiambia hewa, "Karibu, lakini leo useme kitu, bana." Bilha alishukuru. Linah angeweza kumwambia Wangechi kwamba ameshukuriwa, lakini maneno hayo yangevuta mengine nyuma yake.

Alhamisi mchana mteja mwingine alikuja na flashi. Alitaka mkwe wake atolewe kwenye picha za harusi, zote, kijana wake ameshaoa kwingine.

"Mpe huyu dada," Muturi alisema. "Ana njia yake ya mkato."

Linah akabonyeza duara jekundu. Akafungua picha ya kwanza, akaanza kwenye kiatu. Bilha alisogea kuona.

"Ana shingo nzuri," alisema.

Mstari ulipanda gauni, ukapita kiwiko, ukapita bega. Nje Wangechi alikuwa akibishana na mtu kuhusu saizi ya kiatu.

"Kesho ni Ijumaa," Bilha akasema. "Kwa miguu hatutafika. Wewe madereva watakusimamia, nami nitapanda nyuma yako. Twende leo jioni, msichana wangu?"

Linah alikuwa amefika kwenye sikio, mahali ambapo mkono unatakiwa utulie.